Madhehebu ya Ukaushaji: Uainishaji wa Awali wa Wakereza Mabakuli na Magogo Yao Mabichi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jambo ambalo wanazuoni wetu wamelipita kimya, nalo ni tabia ya mtu anayechukua gogo bichi, akalikereza bakuli, kisha akakaa kulilinda lisipasuke. Data zilipatikana kwenye karakana, kwenye vibanda vya wachongaji, na jikoni, pale mwenye jiko aliporuhusu. Makala yanadai kwamba madhehebu yote ya ukaushaji, pamoja na kudharauliana kwao, yanafanya kazi moja, na kinachoyatenganisha ni mahali ambapo kila dhehebu limeamua kuuficha muda. Maneno makuu: gogo, ufa, mzani, mwenye jiko.

Usuli wa tatizo

Mti ulioangushwa leo una maji ya namna mbili. Yako maji huru, yaliyojaa ndani ya mirija na vyumba vya seli. Hayo hutoka upesi, na kutoka kwake hakubadilishi umbo la kitu. Kisha yako maji yaliyofungwa ndani ya kuta zenyewe za seli. Unyevu ukishuka hadi asilimia 30 hivi, maji huru yamekwisha, na ndipo kuta zinapoanza kutoa ya kwao na kusinyaa. Balaa lote tutakaloliainisha huanzia hapo. Mkereza anayetamba kwamba bakuli lake nene limemaliza wiki mbili bila ufa, pengine hata mlango wa chumba cha mtihani hajaufikia.

Asilimia hizo nazo zinataka maelezo. Unyevu wa mti huhesabiwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mti uliokauka kabisa, kwa hiyo gogo linaweza kuwa na unyevu wa asilimia 120 na asiwepo mtu aliyesema uongo. Kipimo cha kuaminika ni kuweka kipande katika tanuri la nyuzi joto 103 mpaka kiache kupungua uzito. Ukilifanyia hivyo bakuli zima utapata jibu sahihi kabisa, isipokuwa litakuwa ni jibu kuhusu bakuli ambalo hulitaki tena. Ndiyo sababu wengi wameridhika na makisio, na makisio ndiyo mama wa madhehebu.

Laiti mti ungesinyaa sawasawa pande zote, makala haya yasingeandikwa. Kwa urefu, kufuata nyuzi, hausinyai ila kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Kutoka kwenye kiini kuelekea gome, miti mingi husinyaa asilimia 3 hadi 5 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, na kufuata mzingo wa pete zake ni kama mara mbili ya hapo. Bakuli la sentimita 30 lililotoka kwenye mashine likiwa duara huishia umbo la yai, na tofauti ya vipenyo vyake yaweza kufika sentimita nzima hata katika hewa ya Mombasa, ambayo haina sifa ya kukausha kitu kwa bidii. Zaidi ya hayo, pale nyuzi zinapokatwa vichwa, mti hupoteza maji mara 10 hadi 15 zaidi ya ubavuni. Bakuli la kawaida lina sehemu mbili za namna hiyo, zinazotazamana. Nje inataka kusinyaa, ndani bado imejaa, wala hakuna inayokubali kushindwa. Ufa ndio hukumu ya kesi hiyo.

Jambo lisilo na khitilafu

Kabla ya kuingia katika mabishano, ni haki kueleza ijmaa. Madhehebu yote yaliyochunguzwa yanakubaliana kwamba kiini cha mti hutolewa. Gogo hupasuliwa katikati kwa msumeno, kiini hukatwa, na bakuli hutoka katika nusu moja. Bakuli lililoachiwa kiini kitakoni hupasuka kwa umbo la nyota, na hupasuka mapema, kana kwamba lilikuwa na miadi. Wapo wanaokiacha. Utafiti huu haukuwahesabu kuwa dhehebu bali wateja wa gundi.

Dhehebu la Wangojaji

Hawa ndio wakongwe, na wenyewe hawachoki kukukumbusha. Nguzo yao ni kanuni ya ubao: unene wa inchi moja hukaa mwaka mmoja. Ukiwapelekea pande la inchi 5 watakuuliza umri wako. Lakini hata wao wamefanya mageuzi, nayo ni makubwa kuliko wanavyokiri. Hulikereza bakuli mara mbili. Mara ya kwanza hulitoa likiwa bichi na nene, kuta zake zikiwa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 3 kwa bakuli la sentimita 30. Hulisubiri miezi kadhaa likauke na kupinda litakavyo, kisha hulirudisha kwenye mashine na kuunyoosha upogo. Unene ule ni akiba ya duara jipya kutoka ndani ya yai. Anayeacha kuta nyembamba mno hukuta hana pa kukereza, na anayeacha nene mno amelitengenezea ufa godoro la kulalia.

Ndani ya dhehebu hili mna matawi mawili. Watu wa Mzani huandika tarehe na uzito kwa penseli chini ya bakuli, wakapima kila wiki hadi gramu ziache kupungua. Watu wa Shavu hulibandika bakuli shavuni. Likiwa la baridi, bado lina maji. Watu wa Mzani huwacheka Watu wa Shavu hadharani, kisha hufanya vilevile wakiwa peke yao. Kisayansi shavu lina hoja, kwa sababu maji yanapovukiza huchukua joto. Kasoro yake ni kwamba shavu haliandiki daftari.

Dhehebu la Wafunikaji

Wafunikaji huamini kwamba adui ni upepo. Bakuli bichi hutiwa katika mfuko wa karatasi ya kaki pamoja na maranda yake lenyewe, mdomo ukakunjwa, na mfuko ukawekwa kivulini mbali na dirisha. Unyevu hubaki humo na kutoka polepole. Asiye na mfuko mkubwa hutumia gunia, na asiye na gunia hulizika bakuli katika lundo la maranda lililo pembeni mwa karakana. Njia hiyo haina gharama, ila ukilisahau bakuli la mwembe humo huingia ukungu na mabaka ya kijivu, kwa kuwa mwembe haujui kukaa na unyevu bila kupata rafiki.

Kuna tawi la Wafunikaji lililotumia mifuko ya plastiki. Bakuli lilifungwa ndani, kila siku mfuko ukageuzwa ndani nje ili matone yaliyoganda yapate kutoka, kisha likarudishwa. Mbinu yenyewe haikuwa mbaya. Lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 2019. Kwa ufahamu wa mwandishi, hili ndilo tawi pekee la ukaushaji wa mabakuli lililofutwa na serikali tatu, na mabakuli hayakutajwa hata katika moja ya amri hizo.

Wapaka nta ni binamu zao. Hawa hawafuniki kitu kizima, hupaka vichwa vya nyuzi tu, kwa nta, rangi ya mafuta au gundi nyeupe ya mbao, ili sehemu iendayo kasi ipunguze mwendo na kusubiri ubavu. Miongoni mwao wamo watu wenye kazi ya maana kuliko mabakuli. Vipande vya mpingo vinavyosafirishwa kutoka Tanzania kwenda kuwa klarineti za Ulaya hutiwa nta kwa sababu hiyohiyo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, maji yake hutoka kwa shingo upande, na anayeuharakisha hulipa.

Dhehebu la Wachemshaji

Hapa ndipo mwenye jiko anapoingia katika fasihi. Mchemshaji hulitia bakuli nene katika sufuria kubwa au nusu ya pipa, akalichemsha kwa saa moja kwa kila inchi ya unene, akalitoa na kuliacha lipoe. Mtu wa kawaida atauliza inakuwaje kitu kikaushwe kwa kutiwa majini. Swali hilo huwaudhi, ingawa jibu wanalo. Joto hulainisha lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi, na ile mikazo iliyojifunga ndani ya mti tangu ulipokuwa umesimama hulegea. Dumuzi na mayai yake hufa. Kisha bakuli lililochemshwa hukauka haraka kidogo na kupasuka kwa nadra kidogo, mradi baada ya hapo litiwe katika mfuko wa karatasi na kuachwa kwa wiki kadhaa. Msomaji ameshauona mfuko huo mahali fulani.

Tatizo la Wachemshaji halimo katika nadharia. Limo katika sufuria. Sufuria inayoingia bakuli la sentimita 30 kwa kawaida ni ile ya pilau ya harusi, na haijulikani karakana iliyowahi kuimiliki kihalali. Utomvu huacha utando wa kahawia usiotoka kwa jivu wala kwa steelwool. Mwarobaini, ambao wachongaji wa pwani ya Kenya wamekuwa wakihimizwa kuutumia ili mpingo na muhugu ipumzike, huacha uchungu. Mchemshaji wa mwarobaini asishangae jirani akija na chupa kuomba maji yaliyobaki, ingawa wenye kujua watamwambia kwamba dawa ya watu ni majani na magome.

Dhehebu la Spiriti

Dhehebu hili limetoka Marekani, na kwetu limeingia kwa njia ya video. Bakuli hulowekwa katika spiriti kwa siku nzima au zaidi, likatolewa, likapanguswa, kisha nje yake likavishwa karatasi na ndani likaachwa wazi. Hoja yao ni kwamba spiriti huingia mahali pa maji, na kwa kuwa yenyewe huvukiza upesi, bakuli hukauka kwa siku badala ya miezi. Hoja ya karatasi ni nzuri kuliko ya spiriti: tumbo la bakuli likitangulia kukauka hulivuta bakuli zima kwa ndani, mgongo hubanwa badala ya kutanuliwa, na mti uliobanwa hauna haja ya kupasuka.

Suala hili limezua mjadala mrefu wa kitaalamu na mwingine mfupi wa kifedha. Galoni za spiriti zinazotosha kulizamisha bakuli moja zina bei ya kununulia mabakuli kadhaa yaliyokwisha kauka. Kuna pia swali la fiqhi ambalo mwandishi anawaachia wenye elimu yake, nalo ni kama bakuli lililoleweshwa linafaa kutiliwa futari. Maoni ya mwandishi, yenye upendeleo usiofichwa, ni kwamba mtu akiivua nadharia yao spiriti hukuta Mfunikaji amesimama pale pale na karatasi yake mkononi.

Madhehebu madogo

Watu wa Sabuni hulifuata jina la Ron Kent wa Hawaii, dalali wa hisa aliyegeuka mkereza, aliyezipunguza kuta za mabakuli ya msonobari wa kisiwa cha Norfolk hadi zikapitisha mwanga, na aliyeyaloweka katika sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Wafuasi wanasema mti huwa laini chini ya msasa. Wapinzani wanasema hunukia vizuri. Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na mwandishi haoni haja ya kuendelea.

Watu wa Maikrowevu hulipasha bakuli dakika moja au mbili kwa nguvu ndogo, wakalipoza kabisa, wakalipima, wakarudia mara nyingi. Wenye nidhamu hufaulu. Wenye haraka hukausha moyo wa ukuta wa bakuli kabla ya ngozi, na matokeo yake ni nyufa za ndani zisizoonekana mpaka patasi izifikie, au moshi, ambao huonekana na kila mtu. Umeme ukikatika, mfuasi hubadili dhehebu bila shahada na kuwa Mngojaji hadi urudi.

Halafu wapo Watu wa Meli, ambao ni wachache na wana heshima. Hutumia kemikali iitwayo polietilini glaikoli, inayoingia katika kuta za seli na kukaa mahali pa maji, hivyo kuta hazisinyai. Maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Wisconsin, iliifanyia utafiti mkubwa, na wakereza wakaiazima. Fahari yao ni Vasa, meli ya kivita ya Uswidi iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuinuliwa mwaka 1961. Meli hiyo ilinyunyiziwa dawa hiyo kwa miaka 17. Mtu anayelalamika kwamba bakuli lake limekawia tangu Ramadhani asilete malalamiko yake mbele ya Watu wa Meli.

Waasi

Kinyume cha wote hao ni wanaosema mti upinde. Hulikereza bakuli mara moja tu, likiwa bichi, likiwa jembamba, milimita 5 au chini yake, na kuliacha. Ukuta mwembamba hukauka ndani na nje karibu kwa wakati mmoja, kesi ile ya usuli haifunguliwi, na mti hupinda bila kuvunjika. George Lailey wa Bucklebury, Uingereza, aliyefariki mwaka 1958, alifanya kazi hivyo maisha yake yote kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, akitoa mabakuli ya mti wa elm moja ndani ya jingine kutoka pande moja. Mteja wake alikula uji katika yai na hakudai fidia. Baadaye, huko Marekani, David Ellsworth alivipa vyombo vyembamba vya namna hiyo nafasi katika makumbusho, na upogo ukapandishwa cheo kutoka kasoro hadi mtindo.

Wachongaji wetu wa miko na pawa ni Waasi wa tangu zamani ambao hawakuambiwa kwamba wao ni dhehebu. Mti mbichi ni laini kwa tezo, mkavu hupigana. Kwa hiyo huchongwa mbichi, mwembamba, ukawekwa kivulini. Mwiko uliopinda kidogo husonga ugali vilevile.

Uainishaji mdogo wa nyufa

Ufa wa kichwani huanzia kwenye ukingo, mahali nyuzi zilipokatwa, na ndio wa kawaida. Ufa wa nyota tumeutaja. Ufa wa pete hufuata mzunguko wa ukuaji, na mara nyingi mti ulikuwa nao kabla ya kuangushwa, kwa hiyo mkereza hana hatia, jambo ambalo atakueleza bila kuulizwa. Ufa wa siri ni ule wa maikrowevu na wa tanuri lililochochewa mno.

Lililo zito ni la tiba. Methali inajulikana: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya nyumba, na katika mabakuli huleta hasara. Ufa mwembamba wa kichwani ukiachwa, mara nyingi hujifunga wenyewe pale moyo wa mti unapokauka na kuufikia usinyaaji wa nje. Anayekimbilia kuuziba kwa gundi kali na unga wa mbao ameutia kabari. Mti ukitaka kurudi hukuta njia imefungwa, basi hufungua ufa mwingine upande wa pili. Kuziba ni halali baada ya mzani kutulia. Rangi nyeusi ya viatu, ambayo imeficha nyufa nyingi kwenye meza za vinyago, haizibi chochote. Kazi yake ni kuuahirisha ufa mpaka mnunuzi apite forodha.

Hapo ndipo unapozaliwa ufa wa tano, ambao mwandishi anapendekeza uitwe ufa wa uhamiaji. Mti haukauki ukamaliza. Hufuata hewa ya mahali ulipo daima. Katika unyevu wa pwani yetu hutulia karibu na asilimia 15. Bakuli la jakaranda lililotulia hivyo kwenye duka la Mombasa, likapakiwa sandukuni na kuwekwa juu ya kabati huko Hamburg mwezi wa Januari, nyumba ikiwa imepashwa joto, hutakiwa kushuka hadi asilimia 6 au 8. Mkereza alifanya yote yaliyompasa, mnunuzi hakulidondosha, na bado usiku mmoja linatoa mlio wa kukatika kijiti. Kila upande humshuku mwenzake. Anayeliuza nje hana budi kulikausha kuliko hewa yake mwenyewe inavyoruhusu, yaani ndani ya kisanduku chenye balbu ya joto na tundu la hewa, kwa wiki na si kwa siku, au amwambie mteja alifunge kwa karatasi miezi miwili ya kwanza. Wateja hawapendi kusikia hivyo kuhusu zawadi.

Kundi lisilo na jina

Uainishaji ungebaki na pengo kama tungeliacha kundi moja lililojitokeza katika karibu kila karakana. Ni watu ambao walikereza bakuli nene likiwa bichi, wakalitupia juu ya rafu nyuma ya makopo ya rangi, simu ikalia, na hawakulikumbuka tena mpaka walipokuwa wanatafuta kitu kingine baada ya miaka miwili. Bakuli la namna hiyo huwa limekauka barabara. Halikuchemshwa, halikuleweshwa, halikubandikwa shavuni. Vumbi lilifanya kazi ya mfuko. Kwa ubora wa matokeo, kundi hili linayapita madhehebu yote, lakini halina video, halina chama, na wafuasi wake hawajui kwamba wamo. Kujiunga nalo kwa makusudi hakuwezekani. Anayeamua kulisahau bakuli lake huhesabiwa Mngojaji wa kawaida, na jioni utamkuta kwenye ngazi, mzani mkononi.